Karatasi Ndani ya Gunia la Michembe

Wasikilizaji wapendwa, wakubwa shikamooni, wa rika langu habari za mchana. Wadogo nazisubiri shikamoo zenu, na msinicheleweshe. Mimi ni yuleyule Yahaya Mussa, mtoto wa Tabora mjini. Leo nimekaa kwa adabu kwenye kiti hiki, maana ninamkumbuka mtu aliyekuwa akinigombeza hata nikiwa hewani.

Ninamkumbuka Bibi Koleta Shilinde, mtunza ghala wa Kigwa. Nasema tena kwa aliyechelewa kufungua redio: Koleta Shilinde, mtunza ghala wa kijiji cha Kigwa, alitutoka Jumatano ya wiki iliyopita akiwa na umri wa miaka themanini na mitatu. Tulimzika Jumamosi. Nilikuwepo. Niliyoyaona pale msibani yamenifanya nimwombe mkuu wa vipindi aniachie nusu saa bila matangazo ya magodoro.

Wengi wenu mnaijua sauti yake. Ndiye yule bibi aliyekuwa akinipigia simu katikati ya kipindi. "Yahaya," anasema, "umesema mvua zimechelewa wiki moja. Ni siku kumi na moja. Hesabu vizuri, baba." Halafu anakata. Hata kwaheri hakuna! Nilikuwa nanuna, nawaambia ukweli. Leo simu iko hapa mezani, kimya, na ninatamani ilie.

Haya, tusilie. Tuanze mwanzo.

Koleta alizaliwa mwaka thelathini na tisa, upande huohuo wa Kigwa. Babu yake alikuwa mpagazi wa misafara, wale waliobeba pembe mabegani kutoka hapa Tabora mpaka Bagamoyo na kurudi. Miezi mitatu ya miguu. Na njiani walikula nini? Michembe.

Sasa kwa ambaye hajui michembe, na siku hizi mko wengi, nyie wa chipsi mayai, sikilizeni. Kiazi kitamu kinamenywa, kinakatwa vipande vyembamba, kinaanikwa juani juu ya mawe mpaka kikauke kabisa. Kikikauka, unaweka. Mwaka mzima hakiozi. Ukitaka kula, unaosha, unachemsha, unaponda na karanga, basi. Babu yake Koleta alifika pwani na mfuko wa michembe kiunoni, Wazaramo wakamcheka: "Mnyamwezi anakula kuni!" Naye akawacheka kwamba wao bila nazi hawavuki hata mto. Ndiyo utani ule, wasikilizaji. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, na utani haujaisha mpaka leo. Uwekeni akilini, nitaurudia.

Siku ya Uhuru, Desemba tisa mwaka sitini na moja, Koleta alikuwa na miaka ishirini na miwili. Kijiji kizima kilikuwa kwenye ngoma. Yeye alikuwa shambani anapanda viazi kwenye matuta, peke yake, maana usiku uliopita mvua ilikuwa imenyesha vizuri. Wenzake wakamwita: "Koleta, nchi imepata Uhuru, wewe unainama?" Akawajibu, "Uhuru utakula nini mwezi wa saba? Nakuja jioni." Na jioni alikwenda, akacheza mpaka wapiga ngoma wakaomba poo. Haya alinisimulia mdogo wake, Mzee Ngollo, aliye hai na anayenisikiliza sasa hivi. Shikamoo, Mzee Ngollo.

Mwaka sabini na nne watu wakahamia vijiji vya ujamaa. Koleta akahamia Kigwa kijijini na mumewe, na mtoto wao Ambrosi, na magunia saba ya michembe. Kijiji kikajenga ghala la pamoja, tofali za kuchoma, mlango wa mninga. Wakamchagua Koleta kulitunza. Wakampa ufunguo. Ufunguo wenyewe ulikuwa na kamba ya ngozi, akauvaa shingoni, na haukutoka pale isipokuwa mara moja tu. Mara hiyo moja ndiyo habari yetu ya leo.

Novemba, mwaka sabini na nane. Redio ikatangaza kwamba nchi imevamiwa, nduli amevuka mpaka kule Kagera. Vijana wa mgambo wakaitwa. Ngollo, mdogo wake Koleta, akapanda treni na wenzake kumi na wanne. Na kila kijiji kikaambiwa kichangie kilichonacho, kwa hiari yake. Vijiji vya Choma na Ziba huko wakatoa ng'ombe. Kigwa mwaka ule mahindi yalikuwa yameungua shambani. Ghalani mlikuwa na magunia sitini ya michembe, na ndiyo yaliyokuwa chakula chote cha kijiji mpaka mavuno mapya.

Mkutano ukaitwa mbele ya ghala. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Mzee Mayala, mtu mwema, mwoga wa njaa, na alikuwa na sababu zake, kwani aliwahi kuzika watoto wawili mwaka wa njaa. Mayala akasema, "Tutoe magunia kumi na tano."

Koleta akasimama. "Arobaini."

Kelele! Mayala akanyoosha mkono watu wanyamaze. "Mama Ambrosi, arobaini? Na mvua ikichelewa watu watakula nini? Watakula Azimio?"

"Watakula ishirini yaliyobaki, Ndugu Mwenyekiti. Yakiisha, watakula ya nyumbani kwangu. Nikishindwa, ufunguo huu nauweka mezani mbele yenu wote." Akaushika ufunguo, akautikisa. "Tumeambiwa tujitegemee. Sasa askari wetu nao wakae wakingoja meli ya unga itoke Ulaya ndipo wapigane? Adui atawangoja wamalize kula?"

Watu wakacheka, na wakati wanacheka mikono ikapanda. Arobaini yakapita. Nasema tena: magunia arobaini yakaenda Kagera, ishirini yakabaki Kigwa, na Koleta akawa ameweka ufunguo wake na jina lake rehani mbele ya kijiji.

Wakayapakia kwenye behewa. Wakashona midomo vizuri kwa katani. Lakini hakuna hata mmoja aliyeandika ndani mna nini. Kwa nini waandike? Kwani wewe mtungi wa nyumbani kwako umeuandika "maji"? Kwa mtu wa Kigwa, michembe ni michembe, hata kipofu anaijua kwa kuishika.

Zikapita wiki tatu. Mvua hakuna. Ikaja barua ya Ngollo.

Na hapa wasikilizaji nisogeleeni kidogo. Koleta alikuwa amemaliza kisomo cha watu wazima mwaka uliotangulia. Alikuwa anajua kusoma, na alikuwa anajivunia, mwacheni ajivunie. Barua ilipofika watu walikuwa wamekusanyika ghalani wakipimiwa chakula. Akaifungua palepale, akapanda juu ya jiwe, akasoma kwa sauti ya shuleni.

"Dada yangu mpendwa Koleta, shikamoo. Mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Ama baada ya salamu, magunia yote arobaini yamefika salama."

Makofi! Vigelegele! Akangoja viishe, akaendelea.

"Nasikitika kukuarifu kwamba mpishi wa kambi yetu, Mzaramo mmoja aitwaye Lukumani, ameyafanya kuni."

Kuni, wasikilizaji!

Ambrosi, mwanawe, anakumbuka vizuri. Aliniambia, "Kaka Yahaya, mama alikomea hapo. Nikaona macho yake yanakwenda mbele, yanasoma kimyakimya. Pale Kigwa waliojua kusoma walikuwa wachache, na barua ilikuwa mkononi mwake. Angeweza kuruka. Angesema 'wasalaam' akaikunja, na hakuna ambaye angejua mpaka leo."

Hakuruka. Alisoma yote, neno kwa neno. Kwamba yule mpishi alifungua gunia, akaona vipande vikavu, akajua ni vibanzi vya fundi seremala, vya kuwashia moto. Kwamba Ngollo alishuka garini akasikia harufu ya viazi vya nyumbani, akafurahi, akaifuata, akamkuta mtu anachochea. "Nilipiga kelele, Dada. Nikamwambia, ndugu yangu, unachoma kijiji changu! Magunia sita yameshateketea. Yaliyobaki thelathini na manne yapo, lakini anasema hawezi kumpa askari ale vibanzi, na sisi kesho tunasogea mbele, sina nafasi ya kumfundisha. Wasalaam, mdogo wako, Ngollo."

Koleta akashuka kwenye jiwe. Hakungoja aambiwe. Akavua ufunguo shingoni, akampa Mayala. "Nilisema," akasema. Na Mayala akaupokea, akisikitika kweli, kwa sababu watu walikuwa wanamtazama na mbingu ilikuwa nyeupe pe.

Sasa hapa ndipo ninapompendea yule mama. Alikwenda nyumbani, akachukua daftari lake la kisomo, lile lenye alama za vema za mwalimu, akalichana. Karatasi baada ya karatasi. Mchana kutwa akaandika maneno yaleyale kwenye kila moja. Kidole kikavimba.

Kesho yake akapika chungu kikubwa, michembe na karanga, akakibeba kichwani mpaka stesheni. Treni za askari zilikuwa zikisimama Kigwa dakika kumi kupishana na za mizigo. Ikasimama. Akaanza kugawa madirishani, na kila aliyekula akamkabidhi karatasi: "Mpe mpishi wenu. Na ukimkuta Mzaramo aitwaye Lukumani, mpe hii yenye jina lake."

Ofisa mmoja akashuka, mkali. "Mama, ondoka hapa. Hili si basi la abiria."

"Onja kwanza, baba, ndipo unifukuze."

Akaonja. Akashika bakuli, akaonja tena. Treni ikapiga honi, ofisa akaruka ndani, na bakuli la watu likaenda vitani. Koleta alilidai bakuli lile mpaka uzeeni! Kila nikihoji askari mstaafu hapa studio, simu inalia: "Muulize kama anajua bakuli langu la bluu."

Siku kumi na mbili alikwenda stesheni, na siku zote hizo alikuwa anapika michembe ya nyumbani kwake mwenyewe. Na kijijini huku, kaya ilipopungukiwa, alifungua pipa lake akapima, kama alivyoahidi. Pipa likawa linakwangika. Aliniambia mwenyewe, baada ya miaka arobaini: "Yahaya, niliogopa. Mchana nilicheka na watu. Nikifunika pipa, niliogopa."

Na Mzee Mayala na ufunguo wake je? Eeh, hapo mtacheka. Mlango wa ghala ulikuwa umelegea bawaba. Ili ufunguke, lazima uuinue kwanza kwa bega, kisha ndiyo uzungushe ufunguo. Koleta pekee ndiye aliyeujulia. Mayala alizungusha, akasukuma, akaupiga teke, akaomba Mungu. Wapi! Kwa hiyo kila asubuhi mwenyekiti alitembea na ufunguo shingoni mpaka kwa Koleta. "Mama Ambrosi, umeamkaje? Ehm, mlango." Koleta anakwenda, anainua, anazungusha, anafungua, anamrudishia ufunguo wake kwa heshima zote. Wiki tano wakafanya hivyo, na hakuna aliyethubutu kucheka mbele yao.

Mvua ikanyesha hatimaye, imechelewa siku ishirini na mbili. Nimehesabu vizuri leo, bibi.

Na katikati ya Januari, treni ya kutoka Mwanza ikashusha mzigo Kigwa. Magunia matupu thelathini na manne, yamekung'utwa na kukunjwa. Enzi zile gunia lenyewe lilikuwa mali, halipatikani. Na juu yake magunia matatu yaliyojaa dagaa wa ziwani. Na barua. Koleta akapanda juu ya lile lile jiwe, akasoma.

"Kwa Dada Koleta wa Kigwa. Mimi ndiye Lukumani. Magunia sita yaliliwa na moto, thelathini na manne yameliwa na watu. Nilifuata karatasi yako. Askari wanauliza kama yapo mengine. Dagaa hawa tumewachanga sisi wapishi. Nisamehe, Mnyamwezi, ila babu zangu waliniambia mnakula kuni, nami nikaamini."

Kijiji kikaangua kicheko mpaka watu wakakaa chini. Mayala akavua ufunguo, akamvisha Koleta mbele ya wote. "Chukua, mama," akasema. "Umenichosha shingo."

Tangu siku ile, nasema tena, tangu siku ile Koleta Shilinde hakufunga gunia la michembe bila kuweka karatasi ndani. Hata gunia la nyumbani kwake. Watu wakamtania: "Mama Ambrosi, nani hapa Kigwa hajui kupika michembe?" Akawajibu, "Leo hayupo." Akaendelea kuandika.

Yeye na Lukumani wakawa watani wa barua, kisha wa simu. Lukumani aliokoka vita, akarudi kwao Kisarawe, akafungua hoteli ndogo. Ngollo naye alirudi, mzima, na kiatu kimoja. Kila mwaka Lukumani aliahidi: "Mwakani nakuja Kigwa." Kila mwaka Koleta alimjibu: "Njoo, ila kuni tunazo." Miaka arobaini na zaidi. Hakuja.

Jumamosi iliyopita alikuja.

Tumebeba jeneza tunakwenda makaburini. Njiani, katikati kabisa, amekaa mzee mwembamba, kofia ya kiua, juu ya mzigo wa kuni. Akanyoosha fimbo. "Hapiti mtu!"

Wageni wa mjini wakashtuka. Wenyeji wakaanza kutabasamu, maana msiba bila mtani haujakamilika. Mzee Ngollo akasogea. "Wewe ni nani unayetuzuilia marehemu wetu?"

"Mimi ni Mzaramo niliyechoma kijiji chako." Watu wakacheka, na Ngollo akacheka huku machozi yanamtoka. "Nimeleta kuni zangu. Magunia sita nimekuja kuyalipa. Na nataka chakula changu, maana nilialikwa." Akatoa mfukoni kitu kimefungwa kwenye nailoni. Karatasi ya daftari, imekuwa rangi ya chai. "Someni mstari wa mwisho."

Ambrosi akausoma kwa sauti, mwandiko wa mama yake wa mwaka sabini na nane: "Ukishindwa, njoo Kigwa, nitakupikia mwenyewe."

Nawaambia kweli, pale nililia. Wote tulilia. Ngollo akamwahidi kwamba tukitoka kuzika atakula, ndipo akanyanyuka, akaweka bega lake chini ya jeneza, akambeba mtani wake mpaka mwisho.

Tulipotoka kuzika, tatizo. Msibani palikuwa na wali, mikate, maharage ya mjini. Michembe hapana. Wajukuu ndio waliokuwa jikoni, vijana wa Dar es Salaam, wakatazamana. Ambrosi akakumbuka kighala kidogo cha mama yake kilichopo uani. Marehemu alikuwa amekiwekea mlango wa ghala la kijiji lilipobomolewa, ule ule wa mninga. Akachukua ufunguo, akazungusha. Wapi! Mpaka Ngollo alipopiga kelele kutoka kwenye mkeka: "Inua kwanza!"

Ndani lilikuwemo gunia moja, la mwaka huu. Mjukuu mmoja akakata katani, akakuta karatasi juu. Akaisoma, mwandiko sasa unatetemeka, lakini maneno ni yaleyale. "Hiki ni chakula, si kuni. Osha mara mbili. Chemsha mpaka kilainike, usiharakishe. Ponda na karanga. Kula na wenzako. Ukishindwa, njoo Kigwa…"

Hakumaliza. Tulikuwa Kigwa, na aliyeahidi kupika tulikuwa tumetoka kumfukia.

Walikuwepo mabibi waliojua kupika, wakaanza kunyanyuka. Mzee Lukumani akawazuia. "Kaeni, dada zangu. Leteni sufuria. Leo napika mimi." Akakunja mikono ya kanzu, akaziwasha zile kuni alizozileta, akapika. Mabibi wakasimama nyuma yake wameshika viuno, wanamkagua. Wajukuu wakamzunguka wakiuliza, naye akawaonyesha. Mimi mtoto wa mjini nilikula sahani mbili, na ya pili niliomba.

Wasikilizaji wapendwa, kwa Mzee Ngollo, kwa Ambrosi na wadogo zake, kwa wajukuu wote na kijiji cha Kigwa, poleni sana. Na kwako Mzee Lukumani, mtani, pole, umefiwa. Mungu amlaze mama yetu mahali pema.

Nasi tuliobaki tujiulize. Dunia imechafuka tena, mnasikia kila siku: meli imekwama huku, ngano imepanda kule, jirani kamnunia jirani. Nyumbani kwako kuna nini cha kula ikiwa dukani hakuna? Na kama kipo, watoto wako wanajua kukipika, au umejishonea gunia bila karatasi?

Maneno ya Bibi Koleta mmeshayasikia, yaandikeni. Na mkishindwa, nendeni Kigwa, wajukuu sasa wanajua. Kighala kipo uani na ufunguo upo kwa Ambrosi. Ila mlango, inueni kwanza.